Tuliwapeleka vijana saba wa Tanga Ujerumani, haya ndo tuliyokosea

Naandika hii kwa walimu wenzangu, walezi wa vikundi na mzazi yeyote ambaye mwanae kapata mwaliko wa kwenda nje na pale nyumbani hakuna aliyewahi kupanda hata ndege ya kwenda Pemba. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga mjini, na pembeni ni mlezi wa kikundi cha vijana wanaopanda mikoko na kupiga ngoma, wengi watoto wa wavuvi wa Deep Sea, Sahare na Tongoni, wengine wazazi wao walikuwa vibarua wa mkonge. Juni 2025 tulienda nao Ujerumani wiki tatu. Tulianza na vijana wanane, wakaenda saba. Wamenikubalia nisimulie, ila majina hapana.

Watu wa Tanga mnajua, mji wetu una urafiki wa tangu miaka ya 1960 na mji wa Eckernförde kule kaskazini ya Ujerumani, mpaka shule yenye jina hilo imekuwepo hapa, sisi tumekua tunalitamka tu hatujui hata ni pwani au bara. Wenyeji wetu walikuwa ukanda huohuo wa bahari ya Baltiki. Wao walibeba tiketi, malazi na bima. Pasi, nauli za huku, nguo na hela ya kuzungukia maofisini tulitakiwa tujipange wenyewe, na hilo sikulipigia hesabu vizuri.

Barua ya mwaliko ilikuja Oktoba 2024. Nikaona miezi nane ni mingi mno, nikaiweka kabatini mpaka shule zilipofunguliwa Januari. Kosa kubwa sana. Nilipowaambia vijana waje na vyeti vya kuzaliwa, kati ya wanane waliokuja navyo ni watatu. Mmoja cha kwake kililowa mvua ya masika, maandishi yamefutika nusu. Wengine hawajawahi kuwa nacho kabisa, walizaliwa nyumbani kwa mkunga na hakuna aliyefuatilia. Alafu majina. Tuseme kijana anaitwa Omari, cheti cha kuzaliwa kinasema Omari kwa i, cha form four kinasema Omary kwa y, kitambulisho cha taifa cha NIDA jina la babu wameliruka, na mama kwenye cheti kaandikwa kwa jina la utani la mtaani. Kwetu sisi huyo ni mtu mmoja, lakini kwenye makaratasi ni watu watatu, na kila ofisi inakurudisha kwa mwenzake. Tulikwenda kwa wakili kuapa kiapo cha majina, kijana wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kila kiapo ni hela. Kama una kijana yeyote kwenye kikundi chako, hata kama hakuna safari, mwambie leo alete cheti chake, NIDA na cha shule, uviweke mezani pamoja usome herufi kwa herufi. Usingoje mwaliko.

Pasi ya kawaida ya kielektroniki ni 150,000, unalipa kwanza 20,000 ya fomu alafu 130,000. Fomu inajazwa mtandaoni, sisi tulijazia steshenari, na dogo wa steshenari akikosea herufi moja ni wewe utakayezunguka nayo. Kaa naye bega kwa bega, usome kwenye skrini kabla hajatuma. Vijana wanane ni milioni moja na laki mbili, kwa wazazi ambao bahari ikichafuka siku tatu hawana hata ya unga. Tukapiga ngoma kwenye maharusi, walimu wenzangu wakachanga, bado haikutosha, nikawaambia wazazi kila mmoja ajitahidi anavyoweza. Hilo neno "ajitahidi anavyoweza" nalijutia mpaka kesho, nitawaambia kwa nini huko mbele. Na mama mmoja aliliwa 80,000 na kishoka aliyemkuta nje akamwambia anaweza kumharakishia, pasi ikatoka siku ileile ya wenzake. Anayekwambia ana mtu ndani, muache aende.

Kulikuwa na binti wa miaka 17, baba yake alikwenda Mombasa miaka tisa iliyopita, hajaonekana. Mtoto chini ya 18 kwenye viza wanataka ridhaa ya wazazi wote wawili, sasa baba unamtoa wapi. Bahati ilikuwa anatimiza 18 mwezi wa tatu, tukasubiri, tukaanza NIDA upya, pasi yake ikatoka mwanzoni mwa mwezi wa tano nikiwa nimeshaanza kumuandaa kwamba huenda asiende. Mtoto wa watu alikonda.

Viza ya Schengen, ile ya kuingilia Ujerumani na nchi nyingi za Ulaya, nayo ina mambo yake. Maombi unaruhusiwa kuyapeleka mpaka miezi sita kabla ya safari, na wanaweza kuchukua siku 15 au wakavuta mpaka 45, kwa hiyo ukipeleka mwezi mmoja kabla unacheza na moto. Bima ya matibabu lazima ifike euro 30,000. Picha ya pasi yetu na picha ya viza sio moja, ya huku ina bluu nyuma, ile wanataka rangi nyeupe nyeupe na uso ukaribie kujaza picha, mabinti wa hijabu hakuna shida ila uso uonekane kuanzia kidevu mpaka paji. Wenyeji wanatakiwa waende ofisi ya wageni ya mji wao wakatoe hati ya dhamana, wao wanaiita Verpflichtungserklärung, kwamba gharama zako ni juu yao kisheria. Sisi tulitumiwa picha yake kwa WhatsApp tukaiprinti tukaona tumemaliza, kumbe inatakiwa ile yenyewe yenye muhuri, ikabidi itumwe kwa posta ya haraka na tarehe tulizopanga zikatupita.

Kitu kimoja watu wengi hawakijui: ada ya viza kwa mtu mzima ni euro 90, lakini sheria yao inasema vijana wa miaka 25 kushuka wanaowakilisha asasi isiyo ya faida, wanaokwenda kwenye semina, michezo au shughuli za utamaduni zilizoandaliwa na asasi kama hiyo, hawatozwi. Wenyeji wetu ndo walitushtua. Vijana hawakulipa, tukalipa mimi na mwalimu mwenzangu tu. Kwa vijana wanane hiyo ni zaidi ya milioni mbili, sasa fikiria ningekaa kimya.

Majibu yalitoka siku tisa kabla ya safari. Saba wamepata, mmoja amekataliwa. Sababu iliyotiwa alama ni kwamba hawana uhakika kama atarudi kwao. Nililia, lakini nilipoirudia faili yake nikaona. Wale saba niliwaandikia barua ndefu, huyu anasoma chuo cha ufundi VETA, huyu anamtunza bibi yake, huyu ana mkataba wa kibarua anarudi tarehe fulani. Yeye faili lake nililimalizia usiku, barua ilikuwa mistari mitatu. Kijana anafanya kazi, anajenga ngalawa na mjomba wake, ana wadogo watatu anaowalisha, vyote hivyo mimi navijua na sikuviandika. Nikamwita nikamwambia ukweli kwamba kosa ni langu. Akasema "sawa madam", akaangalia chini. Siku ya kuondoka nimefika stendi ya Kange alfajiri nikamkuta yuko pale, kabeba mabegi ya wenzake mawili mawili anapanga kwenye buti la basi, na lile begi kubwa la ngoma alilibeba peke yake. Basi lilipotoka alibaki amesimama pale na mikono mfukoni.

Nisisahau habari ya saa. Tiketi iliandikwa tarehe 12, saa 03:50. Mama mmoja wa Tongoni akaelewa kwamba mwanae aje tarehe 12 jioni, wasafiri usiku. Kumbe 03:50 ni saa tisa na dakika hamsini za usiku wa kuamkia tarehe 12, maana yake tarehe 11 mchana uwe umeshafika Dar. Nilikuja kugundua siku mbili kabla kwa sababu nilimpigia simu kumuulizia begi tu. Waandikie wazazi kwa saa za Kiswahili na siku ya juma, "Jumatano asubuhi saa kumi na mbili tuko Kange", basi.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe hasa lililonifanya niandike, ni aibu. Sisi darasani tunawaimbia watoto kuuliza si ujinga, alafu mtoto akiuliza kitu ambacho wenzake wanakijua darasa zima linacheka na mwalimu anatabasamu. Wale vijana walikuwa wamejifunza hivyo miaka yote. Kwenye maandalizi nilimaliza kila kikao kwa "kuna swali?", wanasema hakuna madam, nikajua wameelewa.

Kwenye ndege walikaa mbali mbali, mimi mbele. Mhudumu akapita na chakula. Kijana wa Deep Sea, mkubwa kuliko wenzake, mwenye nguvu, ndo anayepiga ngoma kubwa, akatikisa kichwa. Akapita mara ya pili na chai, akatikisa kichwa. Tumefika Istanbul asubuhi, tumekaa kwenye viti tunasubiri ndege ya pili, akanifuata akaniuliza kwa sauti ya chini, "madam, bomba la maji liko wapi hapa?" Nikamuuliza si ulikunywa kwenye ndege? Akasema ameshiba. Nikamwangalia midomo, imekauka ina mistari myeupe. Ndo akaniambia, alikuwa na shilingi elfu kumi aliyoificha kwenye soksi, na alijua chakula kile kinauzwa, na hakujua bei, na aliogopa kula alafu ashindwe kulipa mbele ya watu. Kuanzia Tanga mpaka pale alikuwa amekula andazi moja la Segera. Wakati tunaongea binti mmoja akaanza kulia. Yeye alizuia mkojo ndege nzima, saa saba na zaidi, kwa sababu alikwenda chooni akausukuma mlango akaona haufunguki, watu wakamtazama, akarudi kukaa. Ule mlango unakunjika katikati, unasukuma pale pale penye mkunjo. Kitu cha sekunde mbili kuelezea na mimi sikukielezea, nilikuwa nimewafundisha historia ya Ujerumani.

Kwa hiyo nawaambieni, yaelezeni yale ambayo mnaona ni madogo mno. Chakula cha ndege kama hii ya safari ndefu kimeshalipiwa kwenye tiketi. Choo kinafunguliwa hivi, kinavuta kwa kelele kubwa usishtuke. Masikio yataziba, meza mate. Mkanda unafungwa hivi. Ngazi za umeme weka mguu katikati ya ngazi, usikanyage mstari, mkiwa Dar wapelekeni wakazijaribu kabla, binti wetu mmoja aliganda juu ya ngazi watu wamejaa nyuma yake. Kwenye begi la mkononi chupa yoyote ya maji maji isizidi mililita 100, mama mmoja alimfungia mwanae mafuta ya nazi ya kukamua mwenyewe nusu lita, yakaachwa uwanjani Dar, mtoto akakaa kimya mpaka tunafika. Nyama na maziwa haviingizwi Ulaya kabisa. Makombe na matumbawe ya baharini msiwape kama zawadi, mengine yanalindwa kisheria, yataleta matatizo huko mbele. Na msiseme "kuna swali?". Sisi sasa hivi kila kijana anaandika maswali matatu kwenye karatasi bila jina, naweka kwenye kofia, nasoma moja moja. Ungeona maswali yanayotoka humo.

Kosa lingine zito la kwangu lilikuwa uwanjani tulioshukia. Barua za mwaliko, anwani, hati za dhamana, vyote nilivibeba mimi kwenye faili moja, nikijiona nimejipanga. Kumbe kwenye ukaguzi wa pasi kila mtu anasimama peke yake. Kijana mmoja akaenda dirisha la mbali, akaulizwa unakwenda kwa nani, unakaa wapi, akasema "kwa mzungu", jina hajui. Wakamtoa pembeni. Nilimuona kupitia kioo na siruhusiwi kurudi nyuma, dakika arobaini, mpaka mwenyeji wetu alipopigiwa simu. Aliporudi mikono yake ilikuwa ya baridi kabisa. Kila mtu ashike mkononi, sio kwenye begi kubwa, nakala ya mwaliko, jina na namba ya mwenyeji, bima na tiketi ya kurudi. Na ajue kusema kwa Kiingereza sentensi tatu: nimekuja kwa nani, nakaa siku ngapi, narudi lini.

Kwa wenyeji waligawanywa wawili wawili, na ile aibu ikaenda nao. Siku ya nne mama mmoja mwenyeji akanipigia, ana wasiwasi, kijana analala amevaa jaketi na viatu. Ndani ya nyumba zao kitandani kuna godoro alafu juu kuna kama godoro jingine laini, jepesi. Ile ndo ya kujifunika. Yeye alidhani ni ya kulalia, na hakuona shuka, akalala juu yake usiku tatu anatetemeka, Juni hiyo ila kwa mtoto wa Tanga nyuzi 12 ni barafu. Majaketi tulinunua mitumba ya Ngamiani na yalitufaa sana, msiende kununua mapya.

Chooni hakuna maji, ni karatasi tu. Bebeni chupa tupu ya plastiki ya nusu lita, hakuna atakayewauliza. Nyama waambieni wenyeji mapema kwa maandishi kwamba vijana ni Waislamu, na wajifunze neno Schwein, yaani nguruwe, wakilisikia wanasema asante hapana. Mbwa anaishi ndani, anapanda mpaka kwenye kochi, wenyeji wangu hawakujua kwamba kwa vijana wetu hiyo ni shida ya udhu na sala, walipoelezwa walielewa vizuri tu, lakini kijana wa watu alishakaa siku mbili anabadilisha nguo kila akiguswa. Jua linazama karibu saa nne usiku, magharibi inaswaliwa wakati kwetu watu wanalala, wawekeeni programu ya saa za sala kwenye simu kabla hawajaanza kubahatisha. Na vyombo. Huku mgeni hagusi kitu jikoni siku za kwanza, kule wanasubiri uinue sahani yako baada ya kula. Ile mgeni siku mbili ya tatu mpe jembe, kule ni kuanzia siku ya kwanza, na hawasemi. Vijana walikaa kwa adabu wakisubiri kuambiwa, wenyeji wakaona wavivu, na wote walikuwa wanaheshimiana.

Siku iliyogeuza mambo tulikwenda ufukweni na wazee wawili wa pale, mmoja alikuwa mvuvi zamani. Kijana wa Deep Sea akavua viatu, akaingia maji mpaka magotini, akachota akaonja. Akasema "hayana chumvi haya". Alafu akauliza kitu ambacho mimi nisingewaza kuuliza: "Hapa maji yanakupwa saa ngapi?" Nikatafsiri. Mzee akacheka kwa furaha, akasema hapa hayakupwi, Baltiki haina maji kupwa wala maji kujaa ya maana, yanasogea tu upepo ukivuma. Yule kijana hakuamini. Akachomeka kijiti pale maji yalipoishia, tukakaa saa mbili na nusu, akaenda kuangalia, maji yapo palepale. Basi akaanza kumueleza mzee habari ya bamvua na maji mafu, jinsi kwetu maji yanaondoka mpaka unatembea kwa miguu kwenye mwamba akina mama wanaokota chaza na pweza, na jinsi unavyojua kwa mwezi. Mikono inaongea, mimi natafsiri nusu napitwa. Jioni mzee akaleta dagaa wao wa moshi, wanaitwa Sprotten, wamepangwa kwenye kisanduku cha mbao wanang'aa kama shaba, akamuonyesha kwamba wanaliwa na kichwa na mkia. Kijana akasema hivyo ndo tunavyokula sisi. Kuanzia siku ile alianza kuuliza kila kitu, hii ni nini, hii inawashwaje, na wenzake wakafuata. Nilijuta kwamba ratiba ile tuliiweka wiki ya pili. Mkipanga safari, siku ya pili au ya tatu wapelekeni mahali ambapo wao ndo wanajua kitu.

Kuna jioni moja tulialikwa kwenye ukumbi vijana waongee, na mtu akamuuliza binti wetu mbele ya watu kama kwao wanakula kila siku. Alijibu, lakini usiku alikataa kula. Tuliwafundisha kucheza, hatukuwafundisha kwamba wana haki ya kusema hilo sitalijibu. Sasa tunalifanyia mazoezi kabisa, mmoja anajifanya mwandishi, mwingine anakataa kwa heshima.

Wenyeji walimpa kila kijana euro 35 kwa wiki. Wa Deep Sea hakutumia hata moja. Wiki ya tatu, usiku, akaja kunigongea. Akaniambia mjomba wake anamtumia ujumbe kila siku, asirudi, kuna mtu Hamburg atampokea, azamie. Alafu ndo akasema lililokuwa linamkaba. Baba yake aliuza mashine ya boti. Nilivyosema kila mzazi ajitahidi anavyoweza, baba kauza mashine akalipia pasi, begi, nguo, na zilizobaki akawaaga watu kwa pilau, kwa sababu mtoto anakwenda Ulaya na akirudi atakuwa na hela. Mashine ya boti. Hao wanakula kwa mashine hiyo. Na mtoto ana euro 105 kwenye soksi.

Sikumtishia. Nilimweleza viza yake inasemaje, kwamba hawezi kufanya kazi nayo, kwamba akibaki anakuwa mtu wa kujificha kwenye nchi ambayo hajui kusoma hata kibao cha basi, na kwamba kijana yeyote wa kikundi atakayeomba baada yake atahukumiwa kwa kosa lake. Nikamwambia pia kwamba uamuzi ni wake na mimi sitamshikilia pasi, kwa sababu kumnyang'anya mtu mzima pasi yake sio haki, ingawa kuna waliokuwa wananishauri nizikusanye zote. Tukalia wote. Siku ya kuondoka alikuwa wa kwanza kufika na begi lake. Usiku wote ule sikulala.

Kurudi nako kugumu, na mimi sikuwaza hata siku moja kuhusu kurudi. Mtaani kila anayekutana nao ni "umetuletea nini". Wengine wakasema wamekula hela za wenzao. Yule wa Deep Sea alipotea kikundini miezi miwili, baba yake akawa anakwenda baharini kwa boti ya mtu kama kibarua. Nilikwenda nyumbani kwao kuomba radhi, mzee akanipokea vizuri, akanikaribisha kahawa, akasema "mwalimu, na sisi hatukukuuliza".

Tukakaa kikundi kizima tukaamua kila hela ya ngoma robo yake inakwenda kwenye mashine. Mpaka naandika tumefikisha laki sita na nusu, bado ni mbali. Mwaka ujao kuna mwaliko mwingine na safari hii tumeanza mwaka mzima kabla. Yule aliyenyimwa viza yumo kwenye orodha, ana faili lenye barua ya mjomba wake, picha za ngalawa alizojenga, na jina lake limeandikwa sawa kwenye kila karatasi. Hela ya pasi inatoka kikundini, hakuna mzazi kutoa.

Jumamosi iliyopita tulikuwa na kikao cha wazazi. Nilimuomba yule mzee wa Deep Sea aje, akaja na kanzu, akasimama akaeleza habari ya mashine mwanzo mwisho bila kulaumu mtu, akasema mtoto anakwenda wiki tatu anarudi kama alivyokwenda, msiuze kitu, akakaa. Kimya kikawa kirefu. Alafu mama mmoja kule nyuma, mtandio kafunga kiunoni, mwanae hata pasi hana bado, akanyoosha mkono.

"Madam, na huko chooni maji yapo?"

Hakuna aliyecheka. Nikamjibu, na wengine watatu wakanyoosha mkono.